Chumvi ya Moto Begani

Kahambu aliingia Bwera mwezi wa tisa mwaka 1964, baada ya kubeba cherehani mgongoni kwa siku nne. Haikuwa cherehani nzima. Meza na pedeli vilibaki kwao Beni, Kongo, siku walipowakimbia waasi. Alibeba kichwa tu, kile chuma cheusi chenye gurudumu, amekizungushia blanketi na kukitundika kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwao wanavyobeba kuni. Mumewe, Anselme, alimbeba mtoto wao, Sophie. Mara mbili njiani Anselme alimwomba akitupe kile chuma porini. Mara mbili Kahambu alijifanya hakusikia.

Ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Uganda, mjane mmoja muuza chumvi, jina lake Ketura, aliwapa chumba chake cha nyuma. Hakuwauliza mengi. Aliposikia Kinande chao alicheka, akawajibu kwa Kikonzo chake, wakaelewana kama watu waliolelewa jiko moja.

Kesho yake Kahambu alitaka kuamka akashindwa. Shingo ilikuwa imekakamaa, bega la kulia limepanda karibu na sikio, na mkono haukuweza kuinuka kupita kiuno. Alipojaribu kumfunga Sophie mgongoni kwa kitenge, alipiga ukelele uliomfanya mtoto naye aanze kulia. Siku ya tatu Anselme alimpandisha kwenye lori la pamba, akampeleka hospitali ya misheni huko Kisinga.

Huko alipokelewa na muuguzi aitwaye Lalam, mwanamke wa kaskazini, mrefu, mwenye vidole vigumu. Alimbonyeza shingo na bega bila haraka, kisha akamwambia kwa Kiswahili cha kazini:

"Mifupa yako iko sawa, mama. Hakuna kitu imevunjika. Ni nyama ya bega imekaza kama kamba. Dawa yake iko nyumbani. Weka joto, sugua, chezesha mkono kidogo kidogo kila siku. Na usibebe kitu. Hata sufuria."

Kahambu alirudi Bwera amenuna. Alikuwa ametegemea sindano. Fundi cherehani asiye na mkono wa kulia ni fundi gani? Na hicho chuma alichokiokoa kitamsaidia nini?

Ketura alisikiliza maelezo yote huku akichambua maharage. "Joto?" akasema. "Joto mimi ninalo."

Alichota bakuli la chumvi ya mawe, ile ya ziwani Kabatoro yenye rangi ya kijivu, akaikaanga bila maji mpaka ikaanza kupasukapasuka. Akaimimina kwenye kitambaa kizito, akafunga fundo, akajigusa nayo kwanza kwenye mkono wake mwenyewe ili aone kama itaunguza. Ndipo akatandika kanga juu ya bega la Kahambu na kuilaza ile chumvi hapo. Mwanzoni Kahambu alikunja uso. Baadaye kidogo alihisi kitu ndani ya bega kikilegea, kama fundo linapopata mtu wa kulifungua kwa subira. Machozi yalimtoka, naye hakujua ni ya maumivu au ya nini.

"Lia," Ketura alimwambia. "Umetembea siku nne bila kulia."

Baada ya chumvi yalifuata mafuta ya mawese, yaliyopashwa moto kiganjani, na vidole gumba vya Ketura vikishuka kutoka shingoni mpaka kwenye kiwiko. Baada ya mafuta ukafuata ukuta. Kahambu alisimama karibu na ukuta wa udongo, akatembeza vidole kwenda juu kama buibui, mpaka pale maumivu yalipomzuia. Hapo Ketura aliweka alama ya mkaa. Siku ya kwanza alama ilikuwa chini ya kifua. Baada ya wiki mbili ilifika kidevuni.

Wiki ya tatu Kahambu aliharibu. Ketura alipokwenda sokoni, aliinua kichwa cha cherehani akakiweka juu ya sanduku, akaanza kuzungusha gurudumu. Alishona mshono mmoja tu. Ketura aliporudi alimkuta amekaa chini, ameshikilia bega, uso umebadilika rangi.

"Nigombeze, mama," Kahambu alisema.

"Nikugombeze halafu nani akaange chumvi?" Ketura alijibu, akaenda kuwasha moto.

Wakaanza upya, alama ikiwa chini tena. Krismasi ilipofika vidole vya Kahambu viligusa boriti ya dari. Januari alimshonea Sophie gauni, na alipomaliza pindo aliitazama mikono yake miwili.

Anselme alipata kazi Kasese mwaka 1966, wakahamia huko. Kahambu aliweka cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, akawa anashonea wake wa wachimbaji wa shaba. Kila lori lililokwenda Bwera lilibeba salamu zake: sukari, sabuni, barua iliyoandikwa na Anselme. Hata hivyo aliona bado hajamshukuru Ketura ipasavyo. Mwaka 1969 alinunua kitambaa cha rangi ya zambarau na kumwita Ketura aje kupimwa gomesi, lile vazi refu la heshima la akina mama wa Uganda.

Ketura alishuka kwenye basi akilalamikia vumbi. Kahambu alimsimamisha nyumbani kwake, akanyoosha futi ya kupimia kutoka bega hadi bega, akasita. Akapima tena. Bega la kushoto lilikuwa limeinama vidole viwili chini ya lile la kulia, na alipoligusa aliona ni gumu kama ubao.

"Mama, hili limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nianze kubeba magunia ya Kabatoro. Nilikuwa sijaolewa bado wakati huo. Wewe pima tu, nguo itafunika."

"Na nani huwa anakukanda?"

Ketura alicheka. "Nani anikande? Mimi ndiye mkandaji."

Kahambu aliweka futi mezani. Akawa kama mtu aliyemwagiwa maji: miezi yote ile, mwanamke huyu alimsugua huku bega lake mwenyewe likimuuma, wala hakutamka neno.

"Lala hapo mkekani," alisema.

"Nimekuja kupimwa."

"Lala, mama. Nakuomba."

Ketura alikaa Kasese siku kumi na mbili badala ya mbili. Alilalamika kuwa chumvi imekaangwa kupita kiasi, kuwa mafuta ni machache, kuwa vidole vya Kahambu ni vya kushika sindano. Siku ya tano aliacha kulalamika, akalala usingizi mzito saa nne asubuhi, mdomo wazi, Sophie akimfukuzia inzi.

Gomesi ilikuwa karibu kumalizika. Siku ya mwisho Kahambu alimvisha aone inavyokaa, na bega la kushoto likawa limebana. Alipima upya akakuta bega limeinuka, tofauti imebaki nusu ya ile ya kwanza. Ilibidi afumue mkono mzima wa nguo na kuushona tena kabla basi halijaondoka. Aliufumua uzi kwa uzi, akiimba.