Jenerali wa Cherehani

Mama Vifungo alikuwa ameshona sare za jeshi miaka thelathini na moja, na bado hakuwa raia. Alikuwa mkazi tu. Mkazi hulipa kodi, hupanga foleni, huruhusiwa hata kulalamika, mradi asipaze sauti. Kura ni ya raia, na raia ni mtu aliyevaa sare siku mia saba na thelathini. Ndivyo sheria ilivyosema tangu vita vya sayari ya pili, vita ambavyo kila aliyerudi aliapa kwamba tumeshinda, ila hakuna aliyekumbuka tulikuwa tukigombea nini.

Hayo yote yasingemnyima usingizi, lakini mtaa ulitangaziwa kura: zahanati ivunjwe, pajengwe uwanja wa gwaride. Mumewe alikuwa akisafishwa damu pale mara tatu kwa wiki. Zahanati nyingine ilikuwa mwendo wa saa tano, na figo zake hazikuwa na subira hiyo. Mtaa mzima ulikuwa na raia saba. Wanne walitaka gwaride.

"Utajiandikisha jeshini na miaka hamsini na tisa?" mumewe alimuuliza. "Magoti yako yanalia ukiinama kuokota sindano."

"Yakilia ndiyo vizuri, watajua nimefika."

Kwenye ofisi ya jeshi, karani mwenye tai fupi alimwambia aweke kidole gumba kwenye mashine. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikapiga mluzi wa saluti. Karani alisoma kioo chake mara mbili.

"Mama, hapa panasema umetumikia siku elfu ishirini na moja, mia nne na sita."

"Mashine yako ina homa."

"Ni miaka hamsini na nane na ushei. Maana yake ulijiunga ukiwa na miezi mitano."

"Nilikuwa mtoto mchangamfu."

Ukweli ulikuwa huu. Kola ya kila sare ilikuwa na uzi unaoitambua shingo ya mvaaji na kupeleka habari makao makuu: sare imevaliwa, siku moja iandikwe. Na Mama Vifungo alikuwa na mtindo wake wa kazi, haachi nguo itoke kibandani kabla hajaivaa mwenyewe, akainua mikono, akachuchumaa, ajue panapobana. Akivaa sare tatu kwa siku, makao makuu yaliandika siku tatu. Mwezi uliopita alikuwa amejaribu sare ya jenerali, nyota zikiwa mabegani; makao makuu yakamwandika jenerali, na hayakuona sababu ya kumshusha cheo.

"Mwanangu, mimi nilikuwa napima tu makwapa," alisema, maana uongo haukuwa fani yake.

Karani alitazama mlangoni. "Mama, nyamaza, nakuomba. Nikiandika kwamba kola zinadanganya, itabidi siku za kila mtu zihesabiwe upya, kuanzia za waziri. Nami nina familia." Akagonga muhuri, akasimama, akampigia saluti huku jasho likimtoka.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa mtaa ulijaa. Raia walikaa vitini mbele, wakazi mia tatu wakasimama nyuma ya kamba, mumewe akiwa kati yao. Kambi ya gwaride iliongozwa na Sajini Mstaafu, jirani ambaye hata chumvi huomba kwa amri. Kura zikapigwa: nne kwa nne. Msimamizi akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwamba zikilingana, mwenye cheo kikubwa ndiye anayeamua.

"Cheo gani?" Sajini alifoka. "Huyu hajawahi kukanyaga kambi! Mimi nimetoa miaka miwili ya maisha yangu!"

"Najua, jirani. Suruali ya miaka hiyo nilikushonea mimi. Uliporudi nikaipunguza kiuno mara mbili, ulivyokuwa umekonda. Nililia siku ile."

Sajini akakaa.

Neno moja tu lilitosha. Mama Vifungo alilifungulia mdomo, halafu macho yake yakaenda kwenye ile kamba, na aibu ikamshika. Watu mia tatu walikuwa wakisubiri aamue yeye kwa sababu ya kola. Mwakani ingekuja kola nyingine kubwa zaidi, zahanati ivunjwe vilevile. Lakini aliogopa pia, aliogopa sana, maana nyuma ya kamba hawakukosekana wapenda tarumbeta za gwaride.

"Sajini."

"Afande!" Mdomo ulijibu kabla mwenyewe hajafikiri.

"Ondoa hiyo kamba. Wapige kura wote."

Sajini aliifungua kamba, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa. Waliotaka gwaride wakanyoosha mikono: kumi na tisa. Waliotaka zahanati wakanyoosha, na ukumbi mzima ukawa mikono tu. Muuza mkaa alinyoosha yote miwili, akaambiwa apunguze. Msimamizi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuhesabu kura zaidi ya nane, alihesabu mara tatu.

"Zahanati inabaki!"

Mikono ikashuka, isipokuwa mmoja, ule wenye makovu ya sindano.

"Baba watoto, shusha. Wameshahesabu."

"Nina miaka sitini na minne, sijawahi kuunyoosha," mumewe alisema. "Niache kidogo."

Akamwacha. Mkono ulipoanza kutetemeka, akasogea, akaushikilia kiwiko.