Tausi Wangu Kati ya Arobaini

…na huyu naye siye, shingo yake ndefu mno, shingo kama hii mimi singeichora, au ningeichora? ngoja, tulia, vuta pumzi, umelala chali juu ya jukwaa, pua iko shibiri moja tu kutoka dari ya chumba alicholala mfalme, mkononi una kijiti chenye pamba uliyoilowesha kwa mate yako mwenyewe, maana hakuna dawa inayotoa masizi kwenye ukingo wa dhahabu kama mate ya binadamu, na mate ninayo, mdomo huu haujakauka tangu nizaliwe, na huko chini mke wangu ameinua kichwa anauliza, "Baba Pacha, yupi?" … yupi, anasema, kama swali dogo vile, wakati wako arobaini, wamezunguka dari nzima, mkia wa huyu unagusa mdomo wa yule, na mmoja wao ni wangu, haki ya Mungu ni wangu, paa lilivuja miaka ishirini na miwili iliyopita, tausi mzima akadondoka sakafuni vipande vipande kama ganda la yai, na fundi mkuu wetu, mzee tuliyemwita Milimita kwa sababu hata sukari ya chai aliipima, akatutazama mafundi tisa akanichagua mimi, mimi niliyeishia darasa la sita … sawa, tulikuwa watatu, na wawili walikuwa wanaumwa, lakini alinichagua, na nilikuwa nina wiki moja tu tangu nioe, kichwani sina kitu kingine, nikampa yule tausi jicho la mke wangu, lile la pembeni, la kuniuliza ulikuwa wapi hadi saa hizi, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, jicho lako liko kwa mfalme, akacheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo nimemsimulia kinyozi, nimewasimulia wakwe, mapacha wamelala kwa hadithi hiyo badala ya wimbo, ila mwenyewe hajawahi kumwona, geti hili jamaa wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kulipita, leo ndiyo mara ya kwanza, kavaa nguo yake ya harusi za watu, kamleta na dada yake awe shahidi, "Labda alichora kucha," huyo ndiye dada mtu, "Shemeji, sema ukweli, ulichora kucha au ulishika ngazi?" … "Nyamaza shemeji, dari hii haitaki kelele, dhahabu itakuangukia utajirike bure!" wanacheka, vizuri, nimepata nusu dakika, mlango uko wapi, alikuwa juu ya mlango, lakini milango ni miwili, au alikuwa karibu na dirisha, zamani jukwaa liligeukia kule, Mungu wangu, nimempoteza, nimempoteza tausi wangu mwenyewe … si ninyooshe kidole tu? yule pale mnene, nani atabisha, Milimita alishastaafu, kidole hiki kimeshaonyesha mambo mengi ambayo hayakuwepo, mbona leo kinaning'inia kama si changu, kwa sababu atamtazama huyo mnene kwa furaha yote, atapeleka kwake ile shingo aliyoichosha kutazama juu, na atakuwa analitazama jicho la mtu mwingine … basi pamba, njia ya uhakika ipo, rangi yetu tuliichanganya ya maji makusudi, fundi mwingine akija aweze kuitoa bila kugusa ya mfalme iliyo ya mafuta, kwa hiyo niwapitishie mate machoni mmoja mmoja, atakayeacha buluu kwenye pamba ndiye, eh, ndiye, na jicho litakuwa limeshakwenda na pamba, nimfute mke wangu jicho ili nimwonyeshe jicho lake, akili hiyo hata shemeji hana … na Milimita, mbona namkumbuka sasa, siku ya mwisho alipanda hapa na lenzi yake, akazunguka, akazunguka tena, robo saa nzima, halafu akaniuliza, "Yupi?" nikamwonyesha, akashuka hakusema neno, nikaudhika, mwaka mzima niliwaambia watu mzee macho yamekwisha, haoni, apewe fimbo … alikuwa anaona! aliona kila kitu, ile ndiyo ilikuwa sifa yenyewe, Milimita mzima alitafuta akakosa, na leo mimi niliyemchora natafuta nakosa, jamani, jamani, mimi ni fundi kiasi hiki? nimejisifu miaka ishirini na miwili na bado nilikuwa nasema kidogo … "Baba Pacha, umelala huko?" … "Sijui, mama!" nani amesema, ni mimi, neno lenyewe limetoka limekunjamana kama shati la sandukuni, "Sijui yupi! Wamefanana wote! Hata mimi simwoni!" shemeji anaanza kucheka, mke wangu hacheki, naisikia sauti yake inapanda polepole, "Basi ulimchora kweli," anasema, "ungekuwa unanidanganya, wewe, ungeshaninyooshea kidole kabla sijamaliza kuuliza" … na mtu aliyelala chali asilie, machozi hayaendi mashavuni, yanaingia masikioni, yananitekenya, nacheka jukwaa linatikisika, pamba bado imelowa, dhahabu bado ina masizi, "Haya," anasema yule mwanamke, shingo bado kaiinua, "yupi sasa?" na tausi arobaini wananitazama kwa pembe ya jicho, kila mmoja wao ananiuliza nilikuwa wapi hadi saa hizi …