Sakafu Iliyohamia Kigombe

Basi la saa nne la kwenda Pangani lilikuwa limeshaingia kwenye mashamba ya katani, mji wa Tanga umebaki nyuma, kondakta alipochungulia dirishani akaona sakafu inawafuata. Ilikuwa sakafu ya saruji, imepakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, urefu wake futi sitini na upana wake futi thelathini. Ilikuja shubiri moja juu ya vumbi, kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Basi lenyewe lilikuwa bovu, tena lilisimama kila penye mtu, kwa hiyo hawakuachana sana. Barabara ilikuwa nyembamba kuliko sakafu, nayo sakafu ilikuwa imeinua kingo zake pande zote mbili, kama mwanamke anayeshika nguo apite penye matope.

Kondakta, jina lake Mselem, alipita katikati ya viti akiuliza ile ni ya nani. Hakuna aliyejibu mpaka alipofika kwa Mwanasiti binti Kombo, msuka mikeka wa Kigombe, aliyekaa na kikapu mapajani akisuka bila kutazama mikono yake.

"Mama, ile ya nyuma ni yako?"

"Si yangu. Niliiomba."

"Ukapewa?"

"Nimenyimwa. Asubuhi hii, mbele ya watu."

"Sasa mbona inakuja?"

"Shuka ukaiulize. Mimi nimo ndani ya basi kama wewe."

Abiria wakacheka. Mselem akasema yeye hana tikiti ya sakafu. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akamwambia, "Haijapanda, Mselem. Inajitembelea." Mselem akaona hoja hiyo ni kweli, akaenda kumwonya dereva asifunge breki ghafla.

Mambo yalianza mwezi wa tatu wa mwaka huo, 1957. Chama kimoja cha pale mjini, cha kukuza sanaa, kilibandika tangazo sokoni. Msanii mmoja mwenyeji atapewa ukumbi wa kufanyia kazi kwa miezi tisa, pamoja na taa, vifaa, chakula cha mchana na posho. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la katani tangu enzi ya Wajerumani, nyuma ya reli, na Chama kilikuwa kimelipaka chokaa na kulitia madirisha.

Mwanasiti alisomewa tangazo hilo na mwuza dagaa. Siku ya pili alikwenda mjini.

Mkeka haufumwi kama kitambaa. Kwanza husukwa ukili, utepe wa majani ya mkindu, mrefu kama subira ya msukaji. Kisha ukili hushonwa kwa shazia, sindano nene ya mikeka, ukingo kwa ukingo, ukizungushwa na kuzungushwa mpaka uwe kama pipa lisilo na kitako. Siku ya mwisho pipa hilo hupasuliwa kwa kisu, likalala chini, ndipo likaitwa mkeka. Mwanasiti alikuwa amesuka ukili miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mkeka mmoja. Alitaka mkeka ambao watu wote wa Kigombe wangeweza kuukalia kwa mara moja, kwenye harusi au kwenye msiba, asibaki hata mmoja mchangani. Mizingo ya ukili ilijaa nyumba ya kaka yake Uweso, chini ya vitanda, juu ya dari na jikoni, na Uweso alilalamika kwamba kuku wake hawatagi pengine. Kilichokosekana ni mahali pa kushonea. Mchangani pana mchwa. Msikitini ni pa kusali. Nyumba ya Kigombe yenye sakafu pana kiasi hicho haikuwapo.

Tena kulikuwa na habari ya macho. La kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu. La kulia Mwanasiti alilipa muda wa mwaka mmoja, na kwa kulionea huruma, mwaka na nusu.

Karani wa Chama alikuwa Eliudi, Mbondei wa Muheza, kijana mwenye mwandiko mzuri. Mwanasiti alijua kuandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, na fomu haikuzitaka hizo, kwa hiyo Eliudi alimwandikia.

"Majina ya kazi zako, mama?"

"Macho ya Chewa. Ngazi ya Mgema. Na huo mwingine ni wa bibi yangu, hauna jina. Kwetu tunauita Ule."

"Niandike Ule?"

"Sasa utaandika nini, na wewe ndiyo umeanza kuusikia leo?"

Akaandika Ule.

"Hapa wanauliza unaomba nini. Taja mahitaji yako yote."

"Sakafu."

"Na taa? Vifaa? Chakula?"

"Taa ya nini, mwanangu, mimi nashona mchana. Shazia ninayo. Chakula nakula kwetu. Andika sakafu."

Nafasi ya kujibu ilikuwa na mistari kumi na miwili. Kumi na mmoja ilibaki mitupu. Mwanasiti akaacha mkeka mdogo wa mfano, wenye nakshi ya Ule, akarudi Kigombe kusubiri.

Mwezi wa tano waombaji waliitwa ukumbini kusikia majibu. Mwanasiti alipofika aliukuta mkeka wake umetandikwa ndani ya mlango, na kila aliyeingia alifutia viatu juu yake. Wajumbe wa kamati walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa Memsahibu mmoja aliyekaa Tanga miaka sita, mtu wa kuamkia vizuri. Alieleza, na Eliudi akafasiri, kwamba kifungu cha nne kinasema sanaa ni kitu cha kutazamwa. Mkeka hukaliwa. Kwa hiyo maombi ya Mwanasiti binti Kombo hayakuweza kufikiriwa, ingawa mkono wake ni msafi sana.

Aliyepewa nafasi alikuwa Manase, mwalimu wa kutoka milimani Lushoto, mchoraji wa rangi za mafuta. Picha yake ilisimamishwa mbele ya watu. Ilikuwa ya mwanamke wa pwani akisuka ukili. Memsahibu alisema imefanana na maisha kabisa.

Mwanasiti aliisogelea akaitazama kwa jicho la kulia.

"Huyu ameushika ukili kichwa chini," alisema. "Utamfumuka."

"Kwenye picha haidhuru, mama," alisema Manase kwa adabu.

"Ndiyo. Hakuna atakayeukalia."

Aliomba arudishiwe mkeka wake. Aliambiwa mifano hubaki kuwa mali ya Chama. Akafunga ushungi wake, akatoka, akaenda kupanda basi.

Sakafu iliondoka robo saa baadaye. Wajumbe walikuwa bado wamesimama juu yake wakinywa chai, na Eliudi aliwaomba wasogee kizingitini. Wakasogea na vikombe vyao. Ikapitia mlango mkubwa wa nyuma, ule uliokuwa wa kutolea marobota ya katani, na mkeka mdogo ukiwa juu yake.

Chini palibaki mchanga. Juu ya mchanga palikuwa na alama za mikeka, kumi na miwili, imepangwa ubavu kwa ubavu. Waliojenga ghala walikuwa wametandika mikeka kwanza na kumimina saruji juu, ili mchanga usiinywe. Ukindu ulikuwa umeoza zamani, ila nakshi ilikuwa imesimama pale kama imepigwa chapa jana. Eliudi alichuchumaa akaitazama, akasema ni Ule.

Memsahibu alisema ni jambo la kuvutia, akamwagiza aliandike kwenye daftari la vitu vya ukumbi. Eliudi akaandika: Mikeka kumi na miwili, imeoza, alama zipo, wenyewe ni wanawake wa Kigombe. Memsahibu alisoma, akamwambia mahali pa wenyewe aandike kwamba hawajulikani. Eliudi akasema wino umekwisha. Chupa ya wino ilikuwa mezani, imejaa, na wote wawili waliitazama.

Kule Kigombe, Uweso alikuwa akipara mbao alipoona basi limesimama, dada yake ameshuka, na nyuma yake sakafu. Aliielekeza ilale kati ya nyumba na kisima, isiwazibie watu njia ya maji. Ikalala. Kisha akauliza itakaa siku ngapi, maana alitaka kujua kama ahamishe banda la kuku.

"Hamisha," alisema Mwanasiti. "Wewe hukumbuki maneno ya bibi? Mikeka kumi na miwili ilichukuliwa siku moja. Wakaambiwa itarejeshwa saruji ikikauka."

Uweso akaigonga sakafu kwa nyundo, mara mbili.

"Imekauka," alisema, akaenda kuhamisha banda.

Siku hiyo hiyo Mwanasiti aliosha nyayo za viatu kwenye mkeka mdogo, akauanika. Kesho yake asubuhi alishusha mizingo ya kwanza kutoka darini, akatia ukindu kwenye shazia, akaanza kushona.

Chama kilileta barua ya kumtaka airudishe sakafu katika siku kumi na nne, au aiombe kwa fomu. Eliudi ndiye aliyeileta, akaisoma, akaandika na majibu.

"Andika kwamba sijaichukua," alisema Mwanasiti. "Ikitaka kurudi, njia inaijua. Na fomu nimeshajaza."

Baada ya hapo lilikuja lori, na askari mmoja, na kamba ya katani nene kama mkono. Sakafu ilikubali kufungwa. Lori lilivuta mpaka ndoano yake ya nyuma ikang'oka, na sakafu haikusogea hata unene wa ukucha. Dereva alikwenda kutafuta fundi. Askari, kwa kuwa jua lilikuwa kali, alitaka kukaa kivulini ukingoni.

"Viatu," alisema Mwanasiti bila kuinua kichwa.

Askari akavua viatu, akala mihogo aliyopewa, akasaidia kushika ncha ya ukili hadi lori lilipokuwa tayari kuondoka.

Mwezi wa nane alikuja Manase. Ukumbini alikuwa akichorea juu ya mbao mbili zilizotandikwa mchangani, na mchanga ulimwingia kwenye rangi. Alisimama mbali kidogo na sakafu akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu ukae, ukumbi si wako huu?"

"Naona haya, mama."

"Basi kaa nazo hapo pembeni, usinikanyagie ukili."

Alikaa siku tisa. Aliomba amchore, akakubaliwa kwa sharti moja, kwamba asimwinamishe kichwa kama mtu anayeomba. Mara hii alimwuliza ukili hushikwaje, akaonyeshwa, akakosea, akaonyeshwa tena.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mabaya. Uweso alifunika kazi kwa matanga yaliyochakaa, na maji yakapita. Kwa hiyo fomu mpya zilipotoka, Mwanasiti alimwita Eliudi amwandikie. Eliudi wakati huo alikuwa ameshaachishwa kazi kwa ajili ya wino, akafunga safari kutoka Muheza kwa gharama yake.

"Unaomba nini, mama?"

"Paa."

Kamati ilikutana ukumbini, wajumbe wamekaa kwenye viti juu ya mbao, ikayakataa maombi hayo kwa kifungu cha nne. Paa la mabati lilifika Kigombe Jumatano, likasimama juu ya sakafu kwa kimo kile kile lilichozoea. Mwanasiti alihamisha ndoo zilizokuwa zikikinga maji, akaendelea.

Mkeka ulimalizika mwezi wa kumi. Ulipokuwa bado pipa, mtu mzima aliweza kuingia ndani yake akatembea. Mwanasiti aliupasua mwenyewe kwa kisu cha Uweso, kutoka ukingo hadi ukingo, ukalala. Watu wa Kigombe wakavua viatu wakakaa, wote, na wachache wa Tongoni waliokuwa wamekuja kutazama. Hakuna aliyekaa mchangani. Siku ya tatu jicho la kulia likafunga. Mwanasiti alisema halina deni.

Chama kiliomba mkeka huo kwa maonyesho, utundikwe ukutani na kibandiko kisemacho Kazi ya Mikono ya Wenyeji wa Pwani. Mwanasiti alijibu kwamba waje waukalie.

Uweso alikufa kwa homa mwisho wa mwaka 1958, akaombolezewa juu ya mkeka. Mselem aliacha kazi ya basi akafungua duka la kutengeneza baiskeli Muheza. Manase alimaliza miezi yake tisa akarudi kufundisha Lushoto. Picha aliyoichora Kigombe ilinunuliwa ikapelekwa Nairobi, na Chama kiliipa jina Mwanamke wa Pwani Akipumzika. Ukili ndani yake umeshikwa sawasawa. Memsahibu alirudi kwao, akaja mwingine mwenye kuamkia vizuri pia. Katika taarifa za Chama imeandikwa kila mwaka kwamba sakafu na paa vinatengenezwa. Wenye mikeka kumi na miwili bado hawajulikani. Eliudi analima michungwa ya baba yake, na kila mwezi wa tatu huja Kigombe kujaza fomu.

Mwaka 1959 Mwanasiti aliomba mlango, ili watu wa Chama wakija wapige hodi. Kamati ilikutana chini ya miavuli, ikamkatalia kwa kifungu cha nne. Mlango ulifika Alhamisi, na ufunguo wake.