Matanga ya Basile

Mariam Poni alitoka zahanati amefura kwa hasira hata akaipita baiskeli yake mwenyewe bila kuiona. Ilibidi arudi kuichukua, na kurudi huko kulimuudhi zaidi, kwa sababu Enoch, tabibu msaidizi, alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Usikasirike, madam," Enoch alisema. "Ile mwanamke Mkongo iko na wazimu. Mimi nimepiga yeye sindano, hata neno moja hasemi. Chifu amesema Ijumaa lori itapeleka wazimu yote ya wageni mpakani. Huko ndiyo kwao."

"Wakishushwa huko, nani atawatibu? Nyasi?"

"Mimi sijui. Ni amri."

Amri! Mwaka ule wa 1976 hapakuwa na uchafu mjini Arua ambao haukufunikwa kwa neno hilo. Ukinyang'anywa gari, ni amri. Ukipigwa kitako cha bunduki sokoni, ni amri. Sasa mama wa watoto wawili atabebwa kama gunia, akatupwe porini, na kijana aliyesomea kutibu watu anatabasamu na kusema ni amri. Mariam Poni alitamani kumzaba kofi. Badala yake alipanda baiskeli, akakanyaga kuelekea Manibe, walikoishi wakimbizi wa Kongo.

Watu walimwita Bibi Maendeleo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ilimwajiri awafundishe akina mama lishe na uchimbaji wa vyoo, na vyoo kweli vilichimbwa. Lakini kazi iliyokuwa imemkaa moyoni ni ile ambayo ofisi haikuwa na jina lake. Wakongo waliokimbia vita vya kwao miaka ya sitini walikuwa wamekuja na mizigo miwili, mmoja kichwani na mwingine ndani ya kichwa. Kulikuwa na wanaume waliojificha chini ya kitanda mvua ikipiga mabati. Kulikuwa na wanawake walioacha kula bila kuumwa mahali popote. Wenyewe walisema, "Ana mawazo," na watu wa mawazo walikuwa wanakufa kama watu wa malaria.

Kwa hiyo Mariam Poni, Mkakwa wa Koboko, kabila la rais mwenyewe, Mwislamu, alishirikiana na Mama Monique, Mkongo aliyeongoza wanawake wa kanisa katika kutembelea wagonjwa. Walizunguka nyumba kwa nyumba. Walipika uji, waliketi, walisikiliza. Dawa nyingine hawakuwa nayo.

Mgonjwa wao mzito kuliko wote alikuwa Elise, yuleyule aliyepigwa sindano na Enoch. Mumewe Basile, fundi baiskeli, alikamatwa na wanajeshi kwenye barabara ya Koboko. Walisema gunia lake ni kahawa ya magendo, wakampandisha garini, na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Elise aliketi kwenye mkeka nyuma ya mlango. Hakupika, hakusalimia, hakulia, hakufungua kinywa. Watoto walichukuliwa na Mama Monique.

Mariam Poni alipofika Manibe alimkuta Mama Monique akijaribu kumnywesha Elise uji. Alipiga magoti karibu na mkeka, akasema maneno aliyoyasema kila wiki.

"Elise, jikaze, dada yangu. Basile atarudi."

"Funga kinywa!"

Mama Monique aliweka bakuli chini kwa kishindo. Alikuwa mama mpole, mtu wa rozari na vitambaa vya kufuma, na Mariam Poni hakuwahi kumwona hivyo.

"Hiyo atarudi yenu ndiyo inaua huyu mutu," alisema. "Kanisani, atarudi. Majirani, atarudi. Wewe na kinga yako, hiyo baiskeli, kila wiki, atarudi, atarudi. Atarudi toka wapi? Nani alishapanda ile gari akarudi?"

"Mama Monique, punguza sauti."

"Ndiyo hiyo! Punguza sauti! Ndiyo magonjwa yetu hiyo!" Alifuta macho kwa kitenge. "Hata mimi nilisema atarudi. Niliogopa. Sasa sikia, Bibi Maendeleo. Kwetu bwana akikufa, bibi anakaa kwenye mkeka. Hapiki, hasemi, halii. Anangoja ndugu ya bwana. Ndugu anashika mukono yake, anataja jina ya marehemu mbele ya watu, anamuinua. Hapo ndiyo analia. Akishalia, matanga imekwisha, anarudia kazi yake. Sasa nani atainua bibi ya mutu ambaye wote wanasema iko hai? Elise hana wazimu. Elise anangoja mukono."

Mariam Poni alimtazama Elise. Yule mwanamke alikuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza tangu amjue, akiyakazia kinywa cha Mama Monique.

Aibu ilimshika, kisha hasira ikaisukuma aibu kando. Walikuwa wamefanya nini wote hawa, mapadri, majirani, yeye mwenyewe? Kusema Basile amekufa ni kusema nani alimuua, na aliyethubutu kusema hivyo naye angefuatwa. Basi waliichukua hofu yao, wakaipaka asali, wakamlisha mjane wakiita faraja.

Kesho yake asubuhi alikuwa katika soko la Inde, mbele ya meza ya Gaspard, mdogo wake Basile. Gaspard aliuza vitenge na sabuni, na alipomwona alianza kukunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

"Njoo umwinue shemeji yako," Mariam Poni alimwambia bila kuzunguka. "Ijumaa watamtupa mpakani."

"Madam, mimi sina ndugu aliyekufa. Ndugu yangu amesafiri."

"Amesafiri! Na wewe uso umeumbwa na nini, Gaspard? Watoto wa ndugu yako wanalala kwa watu, mama yao anaoza akiwa hai, wewe unapanga sabuni!"

Wateja waligeuka. Gaspard aliinama juu ya meza, akanong'ona kwa ukali.

"Wewe unaweza kusema. Kaka yako ni sajenti. Ulimuuliza juu ya Basile, sivyo? Alisema nini?"

"Alisema atarudi," Mariam Poni alijibu.

"Basi. Mimi nikisema Basile amekufa, kesho wataniuliza, nani amekuambia? Siku hiyo wewe utakuwa wapi?"

Mwanamume huyu hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, na hofu yake ilikuwa na akili timamu. Jambo hilo lilimkasirisha zaidi kuliko uoga wenyewe.

"Nitakuwa hapohapo ulipo," alisema. "Tutafanya matanga kwetu Koboko, kijijini Midia, uani kwa mama yangu. Nyumba ya sajenti nani ataivamia?"

Gaspard aliacha kukunja vitambaa.

"Mama yako atakubali?"

"Mama yangu nitamwambia akishatuona mlangoni."

Alhamisi mchana, pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Koboko iliwashusha Midia. Walikuwa Elise na mkeka wake, watoto wawili, Mama Monique, Gaspard aliyekuwa akitokwa jasho, na Mariam Poni akiwa ameandaa maneno mengi ya kumbembeleza mama yake. Hakuyahitaji. Mama Kiden alikuwa mfupi, mbishi, mtu asiyebembelezwa wala asiyebembeleza. Alisikiliza nusu ya habari, akamshika Elise bega, akamkalisha kivulini mwa nyumba.

"Mama, iko jambo moja," Mama Monique alisema kwa heshima. "Kwetu, mahali mjane amekaa, moto hauwaki mpaka ainuliwe."

Mama Kiden aliinua sufuria ya maharage, akamwaga maji kwenye mafiga. Moshi ukapanda.

"Haya. Tutashinda njaa," alisema.

Gaspard alipiga moyo konde. Alimwendea shemeji yake, akainama, akaushika mkono wake. Kinywa kilifunguka kutaja jina. Ndipo Land Rover ya jeshi ilipoingia uani.

Yakani, kaka yake Mariam Poni, alikuwa amekuja mapumziko bila kutuma habari. Alishuka na sare yake, akacheka kuona watu wengi, kisha akaona mafiga yaliyolowa.

"Nani amekufa?"

Gaspard aliuachia ule mkono kama sufuria ya moto. Mkono wa Elise ukaanguka mapajani.

"Basile," Mariam Poni alisema. "Fundi baiskeli wa Manibe. Unamjua."

Kicheko kilimkauka Yakani. "Huyo hakufa. Alikimbia Zaire. Mtu anasema amekufa, anaharibu jina ya serikali. Toka hapa, wote!"

"Ndiyo, afande," Gaspard alisema upesi. "Hata mimi nilisema amesafiri."

"Mwoga wewe!" Mariam Poni alipayuka. "Na wewe, Yakani! Unakuja na bunduki hata kwenye kilio? Mmewanyima watu waume zao, sasa mnawanyima na machozi? Mnataka nini kingine? Mlango uko wazi, ingia, chukua na hivyo vyungu!"

"Mariam, chunga mdomo yako."

"Sichungi! Nimeuchunga vya kutosha, na ona tulipofika!"

Yakani aliinua mkono, na labda angempiga, lakini sauti nyingine ikamkatiza, sauti kavu kama ya mtu aliyeamka kwenye homa. Ilitoka chini, kwenye mkeka.

"Kama iko hai, mulete."

Wote waligeuka. Mama Monique alijishika kifua.

"Unasema nini?" Yakani aliuliza.

"Bwana yangu," Elise alisema. "Unasema hakufa, unajua mahali iko. Mulete. Mimi nitamungoja hapa, kwa mama yako."

Kisha akakunja miguu yake vizuri na kuutengeneza mkeka, kama mtu aliyefika nyumbani.

Yakani alijaribu kucheka tena. Alimgeukia mama yake, akasema kwa Kiswahili cha kambini, kwa sauti ya kuamuru, "Mama, mimi iko na njaa. Washa moto."

"Moto hauwaki."

"Mama!"

"Mgeni amekaa kwangu na kilio," Mama Kiden alisema. "Mlete bwana yake, ama uache ainuliwe. Mimi nilikuzaa, Yakani, lakini sitapika juu ya kilio cha mgeni." Naye akaenda akaketi chini, bega kwa bega na Elise.

Kama ingekuwa Arua, Yakani angejua la kufanya. Angewapakia wote. Lakini huyu ni mama yake, na kelele zilikuwa zimevuta majirani. Mama mmoja mzee aliingia uani bila kubisha hodi, akaketi kando ya ukuta. Akaja mwingine. Wakaja wengine, na hakuna aliyewaita. Walikuwa wake na mama wa wanajeshi, watu wa Koboko ambao mji wa Arua uliwadhania wananeemeka. Mariam Poni aliwatambua mmoja mmoja. Huyu mwanawe alihamishwa kambi na barua hazikuja tena. Yule mumewe aliitwa mkutanoni. Wote waliambiwa watu wao wamesafiri, wasubiri. Waliketi wakimtazama sajenti, na hawakuinamisha macho.

Yakani alivuta sigara moja, akaitupa kabla haijafika nusu. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya sare.

"Muinue," alisema.

"Afande?" Gaspard aliuliza.

"Nimesema muinue! Unangoja nini?"

Mke wa mtu aliye hai hainuliwi, na hapakuwa na mtu pale uani aliyehitaji kuelezwa sajenti amekiri nini. Safari hii Gaspard aliushika ule mkono kwa mikono miwili.

"Basile, ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, amekufa," alisema kwa sauti kubwa. "Shemeji, simama."

Elise alisimama, na kilio kikamtoka. Alilia kwa mwili wote, Mama Monique akamkumbatia, watoto wakang'ang'ania kitenge chake, na akina mama wa Midia wakapokea, kila mmoja akitaja jina la mtu wake. Majina mengi yalisemwa uani pale mchana ule.

Mariam Poni alikuwa ameihangaikia sauti hiyo, na sasa lori la Ijumaa lisingemkuta Manibe mwanamke wa kubeba. Alipaswa kufurahi. Lakini macho yake hayakumtoka Yakani. Kaka yake alijua. Alijua tangu siku alipoulizwa, akakaa mbele yake akimwambia atarudi, na yeye akalibeba neno hilo kwa baiskeli mpaka Manibe, wiki baada ya wiki, akamwekea mjane masikioni. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yule ndugu yake mmoja.

Mama Kiden alipangusa macho, akawasha moto. Alisonga ugali wa muhogo, akachemsha maharage, na Mariam Poni akamsaidia kupakua. Alianza na Elise, ambaye alikula mwenyewe. Akafuata Gaspard, Mama Monique, watoto, na kila mama aliyekaa kando ya ukuta. Yakani alikuwa ameshanawa mikono, amekaa kwenye kiti chake, akingoja. Sahani zilimpita.

"Mama," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini, "na mimi?"

Mama Kiden alifunika sufuria.

"Kwanza sema mlimweka wapi."