Zamu ya Maji Angani

…na sauti hii inayoomba kutua si ya rubani, ni ya Papa Benoît, yuko chumba cha pili nyuma ya ukuta wa mbao, anaendesha ndege za kompyuta ili sisi wanafunzi tujifunze kuziongoza kwa redio, ndege zisizo na mtu, anga la kuigiza, lakini mzee ni mzee, ndiye aliyemzika babu yangu, sasa nimwambie nini, nimwambie geuka?, jaribio lililopita nilisema, "Papa, kama haitakusumbua, ungengoja kidogo," na kabla sijamaliza heshima yangu ndege mbili zilikuwa zimegongana juu ya msitu wa Walikale, kwenye kioo cha rada tu, ndiyo, alama mbili nyekundu, lakini usiku ule sikula… leo ni jaribio la mwisho, nikikosa narudi Masisi kukamua maziwa, kukamua si aibu, mama amekamua maisha yake yote, lakini kazi hii naitaka, naitaka… "Kayitesi, unalala? Ndege haiko ng'ombe, haisimamake hewani!" ni mwalimu wetu, Mama Kamaliza, anacheka nyuma ya kiti changu, na masikioni tena Papa Benoît, "Kontrole, hapa Bravo Moja, nashuka sasa, ao nifanye je?", na ndege ile inayotoka Hombo inapanda, inamjia, zinasogeleana kama wenye kiu… ng'ombe, amesema ng'ombe… mtoni kwetu mlimani, mama ana fimbo, siku hiyo zamu ya kugawa maji ni yake, anafika mzee Kanyamibwa na kundi lake la pembe ndefu, mzee ambaye watu humvulia kofia, na mama anamwambia, "Zako zisimame kwanza!" hivyo tu, bila Papa, bila tafadhali, na mzee anazisimamisha, kwa sababu mwenye zamu ya maji hana mkubwa, zikikanyagana anayekufa ni ndama… jioni mama akampelekea maziwa, mikono miwili, goti chini… heshima haikupotea, ilingoja jioni… "Bravo Moja, usishuke. Geuka kushoto, sasa," nani amesema, mimi?, Mama Kamaliza hacheki tena, na mzee, taratibu, "Nageuka kushoto," ameitika, Papa Benoît ameniitika!, na alama yake bado iko palepale, kompyuta inachelewa, kioo hakijabadilika hata kidogo, haidhuru, maziwa nitampelekea jioni, sasa zamu ni yangu, haya, wewe wa Hombo, nakuona, nani mwingine ana kiu?