Kodiani Yenye Pumu

Karani wa ofisi ya vifurushi pale Ukunda alimwomba Abdurahman kitambulisho, akalinganisha sura na picha, kisha akamwarifu kwamba mzigo wake ulikuwa ukikohoa tangu ulipoteremshwa garini.

"Kama ni mnyama ungetuambia mapema," alisema. "Wanyama wana utaratibu wao."

Abdurahman alimjibu kwamba si mnyama, ni kodiani. Karani akainama kusoma karatasi iliyobandikwa juu ya katoni, akaona kweli imeandikwa kodiani, akamwonyesha pa kutia sahihi. Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali na lami ilianza kunuka. Abdurahman aliibeba katoni kifuani kwa sababu ya uzito wake, na njia nzima aliihisi ikitanuka na kunywea mikononi mwake, polepole, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Alikuwa mpiga kinanda katika bendi ya hoteli moja ya ufukweni Diani, mpaka hoteli iliponunua spika na kugundua kwamba spika hazili chakula cha jioni. Tangu hapo aliishi kwa harusi. Na watu wa harusi siku hizi wameingiwa na hamu ya mambo ya kale: wanataka taarabu yenye kodiani, kama ile waliyochezea bibi zao. Kinanda cha umeme kiliweza kuigiza sauti ya kodiani, lakini akina mama walikuwa wakiitambua kwa mbali na kubaki vitini. Dukani kodiani haikupatikana, si Ukunda wala ng'ambo ya Likoni. Ndipo akaiona moja mtandaoni, katika mnada wa vyombo vya muziki vilivyotumika. Ilikuwa nyekundu, mikanda yake ya ngozi, na vibonye vyake vimegeuka rangi kama meno ya mvuta sigara. Chini ya picha paliandikwa: imetumika, ina pumzi nzuri.

Dau la kwanza lilikuwa dogo mno hata akaona haya kulitia. Akalitia. Mtu aliyejiita Msafiri akatia kubwa zaidi. Abdurahman akampita. Msafiri naye akampita.

Mkewe, Ummi, alikuwa pembeni akichambua mchele.

"Huyo Msafiri ni nani?"

"Ni mtu anayejua thamani ya kitu."

"Na wewe unaijua?"

Abdurahman alikuwa ameshabonyeza dau jingine, kwa kuwa Msafiri alikuwa amepanda tena. Walipandiana hivyo mchana kutwa. Kila alipopitwa, Abdurahman alihisi amenyang'anywa kitu chake, kitu alichokwisha kukizoea mikononi. Bei ilipita ile aliyojiwekea, ikapita ile aliyoogopa, na alipoitazama tena hakuiona kuwa ni bei, aliiona ni kizingiti cha mlango wa nyumba yake mwenyewe ambayo mtu mwingine alikuwa akitaka kuingia. Mnada ulipofungwa alikuwa ameshinda. Kodiani iligharimu bei ya tuktuk. Hilo alilijua barabara, maana aliiuza tuktuk kuilipia.

Tuktuk ile ilinunuliwa kwa bangili za dhahabu za Ummi, ikaendeshwa na dereva wa kuajiriwa baina ya Ukunda na ufukweni, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Ummi aliporudi kutoka sokoni alikuta mahali pake pana doa la oili.

"Nitaipata tena," Abdurahman alisema. "Harusi chache tu."

"Inshallah," alisema Ummi. Akachota mchanga, akalifunika lile doa.

Kodiani waliifungulia sebuleni. Ilikaa juu ya meza, ikaifungua mivukuto yake yenyewe, kidogo, ikaifunga. Ilipumua kwa taabu, na mwishoni mwa kila pumzi palikuwa na mluzi mwembamba.

"Ina pumu," alisema Ummi.

"Ni vumbi hilo. Vyombo vilivyotumika huja na vumbi."

"Mama yangu aliishi na pumu miaka yote. Naijua." Akaenda kufungua madirisha, akaliondoa na zulia chumbani.

Ilipopigwa, hata hivyo, sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba majirani walipunguza redio. Abdurahman aliizoea haraka. Alijifunza kusubiri iingize pumzi kabla ya kiitikio, na kutoianzisha mapema asubuhi, wakati kifua chake kilikuwa kizito.

Harusi ya kwanza ilikuwa Tiwi, kwa watu wenye nafasi zao. Katika wimbo wa pili kodiani ilishikwa na kikohozi. Mwimbaji alinyamaza akaisubiri. Mama mmoja alileta glasi ya maji, akaiweka karibu yake, wimbo ukaendelea. Katika wimbo wa nne ilichoka kabisa, ikabidi wenye harusi wamalizie na nyimbo za simu. Hakuna aliyekasirika. Waliwalipa nusu, wakawafungia na biriani.

Aliyekuwa akifunga biriani ile, mwanamke wa makamo, alisimama na upawa mkononi.

"Huyo ni Mwero," alimwambia Ummi, aliyekuwa amefuatana na mumewe. "Mzee Mwero wa Msambweni. Hata kwenye harusi yangu alikohoa hivyohivyo, wimbo wa pili."

"Yuko wapi sasa?"

"Amekufa. Lakini mkewe yupo. Ulizieni Bi Biasha, nyuma ya soko."

Wakaenda. Bi Biasha alikuwa ameketi kibarazani akimenya muhogo. Walipiga hodi, wakampa shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuyaondoa macho kwenye katoni.

"Mmemlaza chali," alisema. "Akilazwa chali hapati usingizi."

Wakaitoa kodiani wakaisimamisha kitini. Bi Biasha aliweka kisu chini, akaingia ndani, akarudi na kisanduku kidogo cha dawa ambacho hakijafunguliwa bado. Akatoa pampu ya pumu, akaitikisa, akaipuliza mara mbili katikati ya mikunjo ya mivukuto. Wakangoja. Ule mluzi ukapungua, ukaisha.

"Alikuwa mgonjwa humu ndani," akawasimulia. "Pampu zilikwisha na mimi sina kitu. Akapita mtu na gari, Lewis, anakaa Galu, ananunua vitu vya zamani. Akaiona kodiani. Akaniuliza nataka ngapi, nikamwambia bei ya pampu mbili, maana ndizo nilizozitaka. Akanilipa palepale. Nikakimbia duka la dawa. Niliporudi, mume wangu amekwisha."

"Pole, bibi," alisema Ummi.

"Nilidhani ni mimi niliyechelewa. Miaka miwili nimejilaumu kwa mwendo wangu. Kumbe sikuchelewa. Alikuwa ameshaondoka na lile gari."

Ndivyo walivyojua kwamba Mzee Mwero alifia Msambweni huku mapafu yake yakiwa njiani kwenda Galu. Ummi alichukua kisu akaendelea kumenya muhogo uliobaki. Bi Biasha alimuuliza Abdurahman yeye ameinunua kwa bei gani, na Abdurahman, akitazama chini, alisema kwa bei ya tuktuk.

Bi Biasha akalifikiria jambo hilo.

"Tuktuk ingemfikisha hospitali," alisema.

Siku ya pili yake Abdurahman na Ummi walikwenda Galu. Lewis aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa bara, mcheshi, aliyevaa kaptula na ndala, na nyumba yake ilikuwa na chumba kirefu chenye vyombo ukutani: udi, fidla, zumari, ngoma za kila kimo, na kinanda cha mvukuto kilichotoka kwa kwaya moja ya kule Mackinnon Road. Vyote vilikuwa vikipumua, kila kimoja kwa mwendo wake, na mapazia yalikuwa yakienda na kurudi ingawa madirisha yalifungwa.

"Hizi zote ziko na pumzi," Lewis alieleza. "Zile kavu mimi sichukui, hazina soko. Wateja wa ng'ambo wanasikia tofauti, hata kama hawajui ni nini."

"Ni pumzi za watu," alisema Ummi.

"Eeh, za nani tena?"

Abdurahman akauliza habari za Msafiri. Lewis alicheka, bila ubaya.

"Msafiri ni mimi, bwana. Mnada hauwezi kuwa na mtu mmoja. Ukibaki peke yako utaona kama unaokota takataka."

"Basi nilikuwa nikishindana na mwenye mali."

"Sikukulazimisha. Hicho kidole kilikuwa chako."

"Na Bi Biasha?"

"Yule mama alitaja bei mwenyewe, na mimi sikuomba hata apunguze."

Yote hayo yalikuwa kweli. Lewis aliwasindikiza mpaka getini, akawaaga kwa mikono miwili.

Wakaipeleka kodiani kituo cha polisi. Ofisa wa zamu aliiweka mezani, akavua kofia, akaisikiliza. Alikubali kwamba ilikuwa ikipumua. Lakini aliyeuza, alisema, aliuza kwa hiari yake, aliyenunua alinunua kwa hiari yake, na marehemu hakuwa na risiti ya mapafu. Angeweza kuwaandikia lalamiko la kelele, kama lingewasaidia. Kisha akaomba apigiwe wimbo mmoja kabla hawajaondoka, na Abdurahman akampigia.

Kodiani wakairudisha Msambweni, ikae kwa mwenyewe. Bi Biasha aliiweka kwenye kiti cha mumewe, mahali penye upepo. Ijumaa baada ya swala Abdurahman alikuwa akienda kumpigia nyimbo mbili, siyo zaidi, na yeye Bi Biasha aliimba kwa sauti ya chini, akinyamaza pale mumewe alipohitaji kuvuta pumzi. Siku nyingine alimsimulia habari za mtaa. Mivukuto ikawa inafunguka zaidi akitajwa mtu ambaye Mzee Mwero hakumpenda, na Bi Biasha alikuwa akicheka hadi anafuta machozi kwa ncha ya leso.

Lakini harusi ziliacha kuita. Kinanda cha umeme kiliharibika, na hapakuwa na cha kukitengenezea. Ummi alikaanga mahamri, akauza alichoweza. Mwenye nyumba alikuja mara ya kwanza akazungumza juu ya kodi, akaja mara ya pili akang'oa mlango, akaondoka nao begani. Walikaa wiki hiyo na pazia mlangoni. Mbuzi wa jirani aliingia na kutoka atakavyo.

"Kuna kitu kimoja tu chenye bei," alisema Abdurahman.

Ummi alikuwa akimfukuza mbuzi. Hakugeuka. "Sema wewe," alimwambia. "Mimi sitakusaidia kulisema."

Alikwenda Msambweni peke yake, siku isiyokuwa Ijumaa, na kwa hilo Bi Biasha akajua. Alikuwa ameshaifunika kodiani kwa kanga. Pampu ya kwanza ilikuwa imekwisha, na ya pili ilikuwa ikitoa hewa tupu, na mluzi ulisikika kuanzia njiani.

"Huko Galu," Bi Biasha aliuliza, "wana dawa?"

Abdurahman alikumbuka chumba kirefu na mapazia yake. Hakuwa ameona dawa yoyote.

"Wanazo," alisema. "Tele."

"Basi mchukue." Akamsaidia kuiinua. Akaiweka kanga yake vizuri juu ya vibonye, akaikunja ncha. "Hiyo leso mwache nayo. Kule kwa matajiri kuna baridi ya mashine."

Abdurahman aliipokea, kanga na yote. Alikwenda hadi Galu akiipakata.

Lewis aliikagua, akaigonga ubavuni kama daktari, akasikitika kwamba ilikuwa imezidiwa. Alitoa fedha za kutosha kuurudisha mlango, na baki kidogo. Ile kanga aliikunja akaitupia juu ya kabati. Akamwambia Abdurahman kwamba alikuwa akitafuta mwanamke mwaminifu wa kufuta vumbi na kufunga mizigo, kazi ya kila siku, mshahara kwa wiki. Ummi alikwenda kuanza kazi Jumatatu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwapo.

Alivifuta vyombo kwa kitambaa kikavu. Alivijua kimoja kimoja: udi uliopumua kwa pua, ngoma ya mtu aliyekuwa na kwikwi, kile kinanda cha kwaya ambacho kilishusha pumzi ndefu kila alipoingia mtu. Kodiani aliiweka mbali na mashine ya baridi. Jioni alipokuwa akirudi, Abdurahman alikuwa akimuuliza, "Amekuwaje leo?" naye akimjibu, "Vilevile." Baadaye Abdurahman aliacha kuuliza, na Ummi akaacha kungoja aulizwe. Walikula wakatazamana kidogo, mlango umefungwa vizuri.

Bi Biasha alimtuma mtu mara moja aje kuuliza kama dawa inampata. Ummi alisema inampata.

Kodiani ikaingia tena mnadani. Chini ya picha paliandikwa: imetumika, ina pumzi ya mzee mmoja wa pwani, haijaguswa. Mtu wa nchi ya baridi alitia dau. Msafiri akampita. Ummi alikuwa akifagia chumba hichohicho, na alimwona Lewis kwenye kochi, simu mkononi, akibonyeza taratibu, akinywa maji ya dafu. Bei ilipofungwa ilikuwa bei ya tuktuk mbili, na Lewis alimpa Ummi dafu lake na yeye.

Ummi aliifunga kodiani siku iliyofuata. Aliiviringisha kwa plastiki ya vipovu, akaisimamisha katikati ya katoni kubwa, akaijazia karatasi pande zote. Kisha alichukua mkasi, akatoboa matundu ubavuni mwa katoni, safu nzima, upande huu na upande huu.

Lewis alipita akayaona.

"Mama, unaharibu katoni. Maji yataingia."

"Atakosa hewa."

"Itajizuia isipumue. Safari zote zinajizuia, na mteja hajawahi kulalamika." Akamrushia selotepu.

Ummi alikata vipande akaanza kuyaziba matundu, akikibonyeza kila kipande kwa kidole gumba mpaka kishike. Kwenye tundu la mwisho alihisi upepo wa uvuguvugu ukimgonga kiganja, ukirudi ndani, ukimgonga tena. Akangoja upepo uingie ndani, akaliziba. Halafu akaisukuma katoni kando ya mlango na kuvuta nyingine, maana palikuwa na zumari mbili za kufungwa kabla gari la mizigo halijafika.