Ekzosti ya Marehemu Etyang

Mimi sina subira na waendesha boda wanaotupa ekzosti iliyokuja na pikipiki na kufunga lile bomba la kelele. Hapa Malaba malori yakishapanga foleni, utamwona mmoja akipita katikati akinguruma utadhani amebeba gavana, kumbe amebeba kuku wawili. Nimewasema hadi nimechoka. Kwa hiyo mama mmoja alipoingia gereji yangu Jumanne asubuhi akisukuma Yamaha DT ya zamani yenye bomba la aina hiyo, nilimfokea hata kabla ya salamu.

"Mama, hii takataka nani alikufungia?"

Alifungua gunia lililokuwa kwenye keria, akatoa ekzosti yenyewe ya pikipiki hiyo. Ilikuwa imeliwa na kutu na imepakwa kinyesi cha kuku kila mahali.

"Ilikuwa imetupwa juu ya nyumba ya kuku," alisema. "Nataka uirudishe."

Ndipo nikamtambua. Alikuwa mama Akurut wa Chakol, mke wa marehemu Etyang, yule daktari wa ng'ombe aliyezunguka boma kwa boma miaka yote akiwa juu ya Yamaha hii hii. Etyang alipougua, pikipiki ilipewa kijana wa boda anayeitwa Quinton ili nyumba ipate chochote, na Quinton ndiye aliyeifungia bomba la kelele. Etyang akafia hospitalini mwezi wa tatu. Sasa ukoo ulikuwa umekaa na kuamua pikipiki iende kwa ndugu yake, Opolot, anayeishi ng'ambo ya mpaka, Tororo. Angekuja kuichukua Jumamosi.

"Ni Opolot ndiye anataka ekzosti ya zamani?" niliuliza.

"Hapana. Ni mimi." Aliinama akaanza kukunja lile gunia. "Fundi Egesa, ni zaidi ya mwaka sijasikia mzee akirudi nyumbani. Nataka nisikie mara moja tu kabla iende. Wewe uje nayo kutoka kwa barabara mpaka kwa mlango, vile yeye alikuwa anakuja. Mimi nitakuwa jikoni."

Niliona aibu kwa jinsi nilivyomfokea. Nilimwambia Ijumaa jioni nitakuwa kwake, na kwamba hiyo ekzosti ataisikia hadi aseme basi.

Sijawahi kufanya kazi kama ile. Kwanza niliifunga ncha moja, nikaijaza maji na kostiki soda, nikaiacha ilale hivyo hadi asubuhi. Nilipoimwaga ilitoka lami nyeusi, masizi ya mafuta ya miaka na miaka. Niliichoma moto ndani, nikaigonga kwa rungu la mti, yakatoka mengine. Palipobonyea nilipanyoosha. Karibu na kona ya chini palikuwa na kitundu, kidogo kama punje ya mtama, kimelainika kingo kwa uzee. Nilikichomelea kwa gesi na shaba, nikapiga msasa hadi kidole kisipate hata kovu. Nikapaka rangi ya fedha isiyoungua, nikakata gasketi mpya, nikafunga nati moja moja kwa mkono kabla ya kutia spana, maana nati za pale zikikatika umejitafutia msiba.

Alhamisi niliiwasha. Ilitoa sauti ya chini, tulivu, imekamilika. Matanboi wawili, wasaidizi wa dereva waliokuwa wakingoja lori lao lisogee, walikuja kuangalia.

"Boss, hii umetoa kwa duka?" mmoja aliuliza.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa huwa nakuna kichwa tu, lakini siku ile nilivimba, na usiku niliota mama Akurut akilia kwa furaha.

Ijumaa nilifika Chakol jua likielekea kuzama. Nilitoka kwenye lami, nikateremka kijia hadi kwenye kijito, nikapanda polepole, kama mtu aliyechoka anayerudi kwake. Nilipita migomba nikasimama mlangoni pa jiko, nikazima.

Mama Akurut alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, mikono juu ya magoti. Hakugeuka. Nikangoja. Nilidhani analia.

"Hodi, mama."

Alishtuka hadi akasimama. "Fundi! Umefika saa ngapi? Pikipiki umeacha wapi?"

"Si hii hapa. Nimekuja nayo mpaka mlangoni."

Alitoka nje, akaitazama kwa muda. "Nilisikia kitu kikipita. Nikafikiri ni watu wa jirani." Kisha akasema, "Hebu washa."

Niliwasha. Nikavuta mafuta kidogo, nikaachia, nikavuta tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akakitikisa.

"Siyo hii."

"Mama, ni yenyewe. Sijabadilisha hata kipande."

"Yake ilikuwa na mluzi. Akiteremka pale kwa kijito, mluzi unatangulia, ndio yeye anafuata. Nikisikia huo mluzi nasonga ugali. Hata ng'ombe walikuwa wanajua, wanaanza kulia."

Nilizima injini. Nilijua papo hapo.

"Kulikuwa na kitundu hapa chini," nilisema. "Ndicho kilikuwa kinapiga mluzi. Nimekiziba."

"Kitundu?"

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningejua namna gani?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Miaka kumi na tisa mimi nilifikiri ndivyo inalia. Sikujua imeharibika."

Nilimwambia nitatoboa tena, hata saa hiyo hiyo, nimekuja na vifaa. Lakini mimi ni fundi, na singeweza kumdanganya, nikamweleza. Kitundu kile kilichongwa na kutu na mawe ya njia zote alizopita Etyang. Changu kingetoa mluzi, ndiyo, lakini mluzi wa mtu mwingine.

Mama Akurut alilaza kiganja kwenye ekzosti, ikamchoma, akautoa mkono taratibu.

"Na wewe uliisikia?" aliniuliza. "Kabla uzibe?"

"Hapana, mama. Niliziba kabla ya kuiwasha."

"Sawa," alisema. "Sawa, baba. Umefanya kazi safi." Akaingia ndani, akakaa palepale kwenye kigoda.

Jumamosi adhuhuri Opolot alipitia kwangu akielekea mpakani. Hakuzima injini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, anacheka.

"Fundi, wewe ni hatari! Hii kitu imenyamaza kabisa!"

Nilisimama mlangoni mwa gereji nikimtazama akijipenyeza kati ya malori. Hakuwa amefika mbali, bado nilikuwa naliona shati lake, na tayari simsikii.